Kabla ya kutoa avansi ya hangari, tusome kontra

Tangu mwezi uliopita, vikundi vitatu vya wachimbaji vimekuja kutuona hapa Lac Vert na swali moja. Wanataka kujenga depo, ao ukumbi, ao mahali pa kulaza mota, na kuna muuzaji aliyewaonyesha kwenye simu picha ya hangari ya chuma. Nguzo, mapaa na mabati vinatoka kiwandani vimekatwa na kutobolewa tayari, ninyi munafunga buloni tu, na kwa siku kumi hangari imesimama. Bei ni nzuri, lakini ni ya wiki hii tu. Wanatuuliza: tununue ao tuache?

Hatuwaambii waache. Hangari ya namna hiyo ina faida yake, zaidi sana hapa kwetu. Kila mtu aliyejenga Lac Vert ao Mugunga anajua kuchimba msingi katika mawe ya volkano ni kazi gani: unapiga nyundo siku nzima, jioni shimo lina kimo cha sufuria. Na tangu tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipokata mji katikati, na tena tarehe 22 Mei 2021 ulipokuja kusimama Buhene, watu wengi wa Goma wanapenda kitu unachoweza kufungua, kupakia na kwenda kusimamisha pengine. Ndiyo maana nyumba za mbao ni nyingi hivi. Hangari ya buloni ni ndugu yao mkubwa.

Lakini sisi tulinunua moja, na tunataka kueleza namna tulivyonunua. Kilichotuumiza si chuma. Ni karatasi.

Mwezi wa tatu mwaka 2022 komite yetu ilitia sahihi kontra ya hangari ya mita 12 kwa 20. Bei ilikuwa dola 18.500, na avansi asilimia 60, ni kusema dola 11.100 siku ileile. Franga hizo zilikuwa michango ya miaka mitatu. Kuna wachimbaji wa upande wa Masisi waliokuwa wanatoa dola mbili kwa wiki, wiki zingine moja, wiki zingine hakuna. Na kwa sababu haikutosha, tulichukua sehemu katika kasha la wajane, tukajiambia tutairudisha kabla ya mwisho wa mwaka. Ukumbi ulikuwa wa wajane wenyewe: mashine za kushona, masomo ya jioni, na chumba cha kuwekea helma na kamba.

Mtu wa kampuni alikuja na kurasa nne, maandishi madogo. Tulisoma ukurasa wa kwanza, wenye bei na picha. Kurasa zingine tatu tulizigeuza tu. Alikuwa na haraka, gari lilikuwa linamungojea. Akamwambia mkubwa wetu: "Papa Prezida, hii ni mambo ya kawaida. Mutie sahihi hapa na hapa, byote biko sawa." Mama anayechunga kasha letu njo mtu mmoja tu aliyeuliza kitu: "Na buloni ziko ndani?" Yule akacheka, na sisi tukacheka pamoja naye: "Mama, nyumba inaweza kuja bila buloni?"

Kumbe inaweza.

Kontra ilisema muuzaji atatoa mali "katika wiki nane". Tulihesabu kuanzia siku ya avansi. Karatasi ilihesabu kuanzia siku tutakapokubali plani kwa sahihi, na plani wenyewe walizituma katika wiki ya kumi na moja. Tungepata mali mwanzo wa mwezi wa tano kama tulivyofikiri, lori lingepita Bunagana bila shida. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ikaanguka katika vita, na mali yetu ilikuwa bado kiwandani. Ikabidi lori lizunguke, lipite Gatuna, lipite Kigali, lije Grande Barrière. Nani alilipa mzunguko? Sisi. Karibu na bei kulikuwa herufi tatu, EXW, ambazo hakuna kati yetu aliyeziuliza. Maana yake ni kwamba bei inaishia kwenye mlango wa kiwanda. Lori, hatari ya njiani, karatasi za mpaka, DGDA, OCC, vyote ni vya mnunuzi. Chini yake waliandika pesa ya lori, na pembeni neno dogo "makadirio". Makadirio hayafungi mtu.

Wakati tulikuwa tunatafuta pesa ya kuongeza, depo ya muuzaji ilikuwa inatuhesabia dola 20 kila siku ya kulaza mali. Siku 41. Na tulipolalamika juu ya kuchelewa, walituonyesha kifungu cha force majeure. Vita ni vita, hatubishani. Lakini kifungu kile kilimfungua muuzaji peke yake. Tarehe zetu za kulipa hazikusogea hata siku moja.

Lori lilifika. Tukafungua. Hakuna buloni za kushikisha nguzo kwenye msingi, hakuna milango, hakuna mifereji ya maji. Mabati yalikuwa BG 32. Tukakimbilia kwa avoka, akasoma kurasa zote nne polepole, akatuuliza kama tumeona ukurasa wa mwisho. Pale imeandikwa kwamba kila ugomvi utahukumiwa katika mji wa muuzaji, nje ya Kongo, kwa sheria ya huko. Kwenda kulala huko, kutafuta avoka wa huko, kurudi mara tano, ingekula kuliko tulichopoteza. Tukaacha.

Leo ukumbi wetu una mita 10 badala ya 20. Nguzo zilizobaki zimelala chini ya shiti. Mwaka 2024, wakati wakimbizi walipojaa huku Lac Vert, familia zililala chini ya nusu ile. Ingekuwa nzima wangeingia mara mbili. Na katika miezi ambayo kasha la wajane lilikuwa tupu, mama mmoja alikuja kuomba minerval ya watoto wawili. Hatukuwa na kitu cha kumupa. Hatukumwambia sababu siku ile. Tunaisema leo.

Hakuna aliyetushika mkono wakati wa kutia sahihi. Na sisi si watu wasiojua biashara. Mchimbaji gani anaacha gunia lake la koltani kwa negosia bila mizani? Anaangalia mizani, anasimamia wakati wa kupima ubora, anauliza bei ya leo, anaangalia etiketi, na wakikata kilo kwa sababu ya maji anagomba mpaka usiku. Kwa kilo tano za mawe tunagomba hivyo. Kwa dola 11.100 tulicheka pamoja na muuzaji.

Basi jicho la mizani tulilete kwenye karatasi.

Kwanza, bei inaishia wapi? Wakikwambia bei, uliza: mpaka wapi? Kiwandani, Mombasa, Grande Barrière, ao mpaka kiwanja chetu Lac Vert, ushuru umelipwa? Kuna herufi tatu zingine, DDP, ambazo maana yake ni muuzaji analeta mpaka mahali mulipokubaliana na ushuru ni juu yake. Bei ya DDP inaonekana kubwa. Ukijumlisha lori, mpaka na depo kwenye ile ndogo, mara mingi utaona ile kubwa ndiyo ndogo. Na kama muuzaji anakataa DDP, si lazima awe mwizi, ila ninyi mujue kwamba kuna kontra ya pili, ya lori, ambayo bado hamujaitafuta.

Pili, ndani ya mali kuna nini? Neno "hangari kamili" halina maana mbele ya muamuzi. Kontra iwe na karatasi ya vitu vyote, kimoja kimoja, na hesabu: nguzo ngapi na unene wake, mapaa mangapi, buloni za kuunganisha ngapi, buloni za msingi ngapi, milango, mifereji, misumari yenye mpira ya kupigia mabati. Kila ukurasa upigwe sahihi na pande zote mbili. Vipimo vilevile: mita 12 ni za ndani ao za nje? Sisi tulipata za nje, na ndani ni pungufu.

Tuseme kidogo juu ya mabati, sababu hapa ndipo watu wa Goma wanaumizwa zaidi ya watu wa miji mingine. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa na asidi zingine, mvua inazishusha, na bati linakulwa. Kila mama anayekinga maji ya mvua kwenye paa anajua. Sasa namba ya BG inadanganya: ikipanda, bati linapungua. BG 28 ni karibu milimita 0,40, BG 30 karibu 0,31, BG 32 karibu 0,25. Mutu akikuletea 32 anasema ni kubwa kuliko 28, anasema kweli juu ya namba tu. Andikeni milimita. Na andikeni zinki: alama Z275 maana yake kuna gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande mbili pamoja. Nguzo pia zipakwe zinki, si rangi peke yake. Muuzaji wa mbali, asiyejua volkano, atakuuzia hangari ya mahali pakavu na dhamana ya miaka mingi, halafu katika maandishi madogo ataondoa "hewa yenye asidi". Mufute maneno hayo ao mutafute mtu mwingine.

Plani nayo iwe ya Lac Vert. Si plani ya kiwanja chochote duniani. Upepo, matetemeko (tuliyasikia wote baada ya 22 Mei 2021), na msingi juu ya mawe ya volkano ambayo yana matundu ndani. Kontra nyingi zinasema "kiwanja na msingi ni juu ya mnunuzi". Ni maneno mafupi yenye mzigo mkubwa. Nguzo zikikataa kukaa kwenye buloni za msingi kwa sababu ya sentimita mbili, muuzaji atasema msingi ni mbaya, fundi wa msingi atasema chuma ni kibaya. Na juu ya kiwanja, kuna jambo ambalo hakuna kontra itakayowaambia: huku kwetu kuna mazuku. Ile hewa nzito inakaa katika mabonde, inaua mbuzi na watu bila harufu. Usisimamishe ukumbi wa watu katika shimo kwa sababu kiwanja ni rahisi. Muulize kwanza watu wa OVG.

Sasa avansi. Kila kitu kinaamuliwa hapa. Baada ya kutoa asilimia 60, hatukuwa tena wanunuzi, tulikuwa waombaji. Kila barua yetu ilianza na "tunaomba". Sisi tungependa mutoe asilimia 20, hata 30 kama muuzaji anajulikana na mumeona hangari aliyosimamisha kwa watu wengine. Sehemu nyingine plani zikipigwa sahihi. Sehemu kubwa itoke siku watu wenu wawili wamehesabu vitu kabla lori halijafungwa, wakiwa na ile karatasi ya vitu mkononi. Na asilimia 10 ibaki kwenu mpaka hangari isimame na ipigwe na mvua ya kweli. Muuzaji atalia juu ya hiyo kumi. Muache alie, sababu kumi hiyo ndiyo itakayomrudisha siku paa linavuja. Tena iandikwe: asipotuma plani kwa wiki tatu, avansi inarudi yote. Kontra yetu ilisema avansi "hairudishwi kwa sababu yoyote". Tulisoma hayo baadaye.

Na pesa inapitia wapi? Tangu benki za Goma zifunge milango Januari 2025, wengi wetu tunalipa kwa simu ao kwa mkono. Namba ya simu ya mtu si kampuni. Ikiwa lazima kulipa kwa simu, namba na jina la mwenye kupokea viandikwe ndani ya kontra, na kila malipo yapate risiti yenye muhuri. Ujumbe wa simu peke yake unapotea pamoja na simu.

Sheria inasema nini? Avoka alitufundisha, na tunapitisha kama tulivyoelewa. Kode sivile ya Kongo, kitabu cha tatu, amri ya 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inasema mapatano yaliyofanywa kwa njia ya haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Njo maana jibu la "hatukusoma" halina nguvu. Lakini kitabu hichohicho kinatusaidia. Kinasema mjenzi aliyekubali bei ya jumla juu ya plani iliyokubaliwa hawezi kupandisha bei eti mali ao wafanyakazi wamepanda, kama hamukumpa ruhusa kwa maandishi. Kinasema pia jengo la bei ya jumla likianguka, lote ao sehemu, kwa ubaya wa ujenzi, hata kwa ubaya wa udongo, mjenzi analijibia kwa miaka kumi.

Muuzaji mwenye akili anajua hayo. Kwa hiyo hajiiti mjenzi. Anaita kontra yake "mauzo ya vifaa", na kusimamisha anamwachia fundi mwingine. Hapo ile miaka kumi inakosa mtu wa kubeba. Tena Kongo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na katika mauzo ya wafanyabiashara, kasoro inayoonekana siku ya kupokea inapashwa kusemwa katika mwezi mmoja. Sisi tuliandika barua baada ya miezi miwili, tukifikiri upole utasaidia. Basi, kama munaweza, mtu mmoja auze na asimamishe, kwa kontra moja, bei moja. Na kifungu cha mahakama kiseme Goma.

Vijana wengine katika vikundi hivi wametuambia: "Mukiuliza sana, muuzaji anaenda kwa wengine, na bei ya wiki hii inapotea." Tunaelewa haraka yao, mvua haingoji. Lakini muuzaji anayekimbia kwa sababu umemuomba siku tatu za kusoma kurasa nne, angefanya nini siku unapomuita juu ya paa linalovuja? Wengine wanasema kontra ni fomu ya kiwanda, haibadiliki. Inabadilika. Unakata mstari kwa kalamu, unaandika pembeni, pande mbili zinatia sahihi pale pale. Tumeona kooperative moja imefanya hivyo kwa kifungu cha depo, na muuzaji hakubisha hata dakika tano. Hakuwa amezoea kuulizwa, ndiyo yote.

Kuna jambo gumu zaidi, na tutalisema hata kama litaudhi. Katika vikundi vyetu, prezida anakwenda kununua peke yake, anarudi na kontra imekwisha kupigwa sahihi, na watu wanasikia harufu ya madesu. Hata kama hakula kitu, harufu inabaki. Kooperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA ya 2010, ambayo inaweka komite ya uongozi na pia watu wa kusimamia. Wasimamizi hao si wa kupamba mikutano. Kontra ya hangari isomwe mbele ya wanachama, kwa Kiswahili, kwa sauti, kifungu kwa kifungu, pamoja na ukurasa wa mwisho. Na kama imeandikwa kwa Kiingereza, muuzaji alete ya Kifaransa, na iandikwe kwamba ya Kifaransa ndiyo itakayotumika.

Wamama wawepo siku hiyo. Yule mama wa kasha letu hakusoma sheria. Aliuliza buloni kwa sababu yeye ndiye angetoa pesa ya kununua zingine, na kweli ndiye aliyetoa.

Vikundi vile vitatu vimekubali kungoja. Kimoja kilikuwa kimekwisha kutoa dola 500 za "kushika nafasi", bila risiti. Wamekwenda kuiomba, tutaona. Wengine wenye kontra mezani waje Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wetu wa mita 10, kabla ya avansi, na karatasi zote, si picha za simu tu. Tutasoma pamoja, na avoka amekubali kupita saa nne. Muje na miwani ya wazee wenu, sababu maandishi ni madogo kweli.